Habari ya Feza Niliyoisoma Kwenye Mashine

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na kama Mungu angeniruhusu kuchagua, ndiyo ningeisahau ya kwanza. Sijafika kuitwa bibi, lakini mvi zimeanza, na mwenye mvi ana ruhusa ya kusema polepole. Basi kaa, unisikilize.

Kesho unapanda pikipiki kurudi kwenu Kabambare, kuwasha mashine yako mwenyewe ili watu wa mtaa wenu waandikiane. Kazi nimekufundisha na umeijua. Hili moja nililiacha mwisho kwa sababu ya aibu. Watu wazima wa hapa Kasongo wanalijua vizuri; wewe wakati ule ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Nilikuwa nimetoka kusoma Bukavu, kijana, kichwa kimejaa, na miguu haigusi chini kwa majivuno. Mkuu wa kituo cha vijana kile kilicho nyuma ya soko aliniuliza kama ninaweza kufanya kitu watu waandikiane kwa simu bila kununua mega za intaneti. Nikasema, "Papa, hiyo ni kazi ndogo." Nilikuwa na kompyuta moja, paneli za jua juu ya paa, na antena ya kutupa Wi-Fi mpaka upande wa misikiti. Programu yenyewe nilikuwa nimeibeba kutoka Bukavu ndani ya flashi, imefungwa katika kontena. Unazijua sasa: kila kontena ni kama mzigo wa msafiri mwenye akili, ndani yake mna kila kitu ambacho programu inakihitaji, hata ukiufungua porini haukosi chumvi. Kontena moja ilikuwa ya mazungumzo, nyingine ya kuhifadhi maneno ya watu.

Siku za kwanza ilinisumbua. Kontena ya mazungumzo ilikuwa inawaka, inakufa, inawaka tena, inakufa. Nikaiambia iandike kila inachofanya, kila kitu bila kubakiza, ili nione inajikwaa wapi. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini kama siafu. Nikakuta kosa: ilikuwa inaitafuta ile kontena ya kuhifadhi kwa jina ambalo sikuwa nimeipa. Nikasahihisha jina, ikatulia. Mji ukafurahi. Wamama wa sokoni waliandikiana bei ya mawese, vijana wakaandikiana mambo ya vijana, na mimi nikapita barabarani watu wakiniita "Madame Mashine."

Lakini ile mistari, mwanangu, niliiacha iendelee kupanda. Nimewaambia watu miaka mingi kwamba nilisahau kuizima. Hapana. Sikusahau. Katika mistari ile maneno ya watu yalipita wazi, jina la aliyeandika, jina la aliyeandikiwa, na yote waliyoambiana. Nilikuwa ninakaa pale asubuhi na kikombe changu cha chai, ninasoma mji wangu. Wazee husema siri ya mtungi muulize kata. Mimi nilijifanya kata ya mitungi yote.

Nilikuwa na rafiki, Feza, tuliyekaa naye dawati moja tangu tukiwa wadogo. Yeye binti wa wakulima Wakristo kutoka Kabambare, aliyeletwa hapa kusoma, mimi binti wa duka, Mwislamu, na hakuna aliyetutenganisha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa na Musafiri, seremala, mtoto wa Mzee Lukamba. Feza alikuwa ameshapoteza mimba, si mara moja. Kila ilipotoka, wanawake wa mtaa walikuja na mikeka yao, wakakaa, wakauliza amekula nini, amebeba nini, amekosana na nani. Mimi mwenyewe nilimwona akizidi kunyamaza.

Asubuhi moja mstari ukapita, Feza anamwandikia dada yake anayekaa upande wa pili wa mji: "Iko tena. Usiambie mutu. Hata Musafiri sijamwambia. Safari hii nataka kuibeba peke yangu mpaka ikomae."

Nililia kwa furaha, wallahi. Sikuwa na ubaya moyoni, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana mbaya hujilinda, lakini mwenye furaha hafungi mdomo. Nikatoka kununua sukari, nikamkuta mama mkwe wake, Mama Lukamba, kwenye meza yake ya mawese. Nikamwinamia sikioni: "Mama, hongera. Mungu amewakumbuka."

Mama yule akapiga vigelegele sokoni. Basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kabla ya jua kutua wanawake walikuwa wamejaa kwa Feza na hongera zao. Mmoja ameleta kuku, mwingine kipande cha kitenge cha kubebea mtoto. Musafiri akapata habari ya mke wake kutoka kwa mteja aliyekuja kuchukua kiti. Feza aliwapokea wote, akawapa maji, akasema aksanti. Kwangu hakuja, na mimi nilijiambia ni uchovu wa mimba.

Mwezi haukuisha, mimba ikatoka.

Wakaja tena wanawake wale wale, na mikeka ile ile. Aliyeleta kitenge hakujua akirudishe nyumbani au akiache. Feza hakukaa nao. Alifunga nguo zake, akapanda pikipiki, akaenda kwa wazazi wake Kabambare. Na kwa kuwa siri ile alikuwa amemwambia dada yake tu, tena kwa kuandika tu, na Mama Lukamba alisema wazi ni nani aliyemnong'oneza, watu hawakuhitaji mpiga ramli.

Ndipo Mzee Lukamba akaja kituoni. Ilikuwa mchana, watu wamejaa, wengine wanachaji simu, mkuu wa kituo anakunywa kahawa yake. Mzee akavua kofia, akaomba kiti, akakaa karibu nami. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Aziza, binti yangu, nimekuja unisomee."

"Nikusomee nini, Papa?"

"Maneno ya Feza. Mimi macho yangu si mazuri, na wewe unajua kuyasoma."

Nikasema, "Papa, siwezi."

"Kwa nini? Yako humu ndani, sivyo?"

"Yako."

"Na maneno yako wewe, nayo yamo humu?"

Yalikuwamo. Mlikuwa na maneno niliyomwandikia mchumba wangu, na mengine niliyomwandikia binamu yangu juu ya mkuu wa kituo, jinsi anavyokula michango ya wengine na kuvuta pumzi kama nguruwe. Na mkuu mwenyewe alikuwa pale pale, ameshika kikombe.

"Yamo," nikasema.

"Basi acha ya Feza. Utusomee yako. Sote tuko hapa, na tuko na wakati."

Mwanangu, nilisikia masikio yangu yanawaka. Watu wakaacha simu zao. Nilitazama chini, nikaona vidole vyangu viko juu ya vitufe, na sikuweza kuvitoa wala kuvisogeza. Machozi yakaanguka juu ya mashine yangu ambayo nilikuwa ninaifuta vumbi kila saa. Mzee alisubiri. Hakuna aliyenisaidia hata kwa kikohozi.

Kisha akasimama. "Sitaki kuyasikia," akasema. "Nilitaka tu ujue namna Feza anavyojisikia. Na msamaha usiniombe mimi. Si mimi niliyelala na damu."

Akavaa kofia, akaenda.

Niliomba pikipiki ya kaka yangu, akanipeleka Kabambare. Ilikuwa masika, tulianguka kwenye tope kabla ya Lusangi, nikafika nimechafuka mpaka nyusi. Feza alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga. Nikapiga magoti, nikaanza kumweleza: kwamba kontena ilikuwa inakufa, kwamba niliiambia iandike yote ili nipate kosa, kwamba sikukusudia. Nilieleza kama mwanafunzi mbele ya ubao.

Akashusha mchi. "Kosa la mashine ulilipata?"

"Nililipata."

"Ulipolipata, ulizima?"

Nikaanza kubandua tope kwenye mkono wangu.

"Aziza, ulipolipata, mbona uliendelea kusoma?"

Nilisema, "Nilitaka tu kujua." Akatingisha kichwa, akaenda ndani, akaniletea maji ya kunawa uso. Alininawisha kama mgeni. Ningependa zaidi angenipiga.

Musafiri alimfuata mke wake, akahamisha ufundi wake Kabambare, na leo wana watoto wawili, Mungu ashukuriwe. Utawaona, nyumba yao haiko mbali na kwenu. Nikipita, Feza ananisalimia vizuri, ananikaribisha bugali, anauliza habari za wanangu mmoja mmoja. Lakini neno la moyoni mwake hajaniambia tena tangu siku ile. Na watu wa Kasongo kwa muda mrefu hawakuandika kwenye mashine yangu ila "jambo" na "salama". Nilizima ile mistari, nikatafuta programu nyingine inayofunga maneno ndani ya simu ya mwenyewe kabla hayajafika kwangu, hivi kwamba hata nikitaka siwezi kuyasoma. Ndiyo hiyo niliyokufundisha. Uliniuliza siku moja kwa nini ninapenda ile ngumu wakati nyepesi ipo, nikakujibu ni desturi yangu. Sasa umejua.

Basi shika haya, mwanangu. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ninaongeza kwamba jicho ndilo linalotangulia kujikwaa, ulimi unalifuata. Kuendesha mashine ya watu ni kulinda mlango wa chumba ambamo watu wamevua nguo. Kazi ikikulazimu kuingia, ingia, tengeneza kilichoharibika, toka, ufunge. Usibaki hata kidogo kwa kuwa hakuna anayekuona. Wala usijidanganye kwamba habari njema haina mwenyewe. Furaha ya mtu ni mali yake kama vile msiba wake, na yeye ndiye wa kuitangaza siku anayoitaka. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usimweleze uliyemuumiza namna kontena inavyofanya kazi. Mwambie, "Nilisoma, nikasema, nimekosa."

Nenda salama. Mungu akuwekee macho yenye haya na mdomo wenye kufuli, mikono yako iwashe na isiunguze, na watu wa Kabambare wakukabidhi maneno yao wakiwa hai na wasiyajutie hata kaburini. Amina.