Mstari Ulioruka Uzi Mmoja

Mutindi hakukiiba kile kiondo. Alikifumua, na machoni pake hilo lilikuwa baya kuliko kuiba.

Kilikuwa kimening'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mama yake, Selpha. Nyanya yake Mutindi, mamake Selpha, alikisuka kikapu hicho kwa katani huko Ukambani zaidi ya miaka sabini iliyopita. Mdomo ulikuwa umechakaa, lakini mistari yake myeusi bado ilionekana vizuri.

Mutindi ni fundi wa ngozi. Ana kibanda cha mabati Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Hukata ngozi ya mbuzi kanda nyembamba, akazisuka ziwe mikoba kama wanawake wa kwao wanavyosuka vyondo, mzunguko juu ya mzunguko, kutoka kitakoni hadi mdomoni. Nalotuesha, mwenye duka mjini Kajiado, aliiona mikoba hiyo akaipenda, ila akataka zaidi. "Nitafutie mchoro wa zamani kabisa," alimwambia. "Hizi za siku hizi kila mtu ako nazo."

Basi asubuhi moja, mama akiota jua nje, Mutindi akakitungua kiondo. Alitaka tu kuona mchoro ulivyogeuka karibu na mdomo. Akafumua mizunguko miwili, akijua atairudishia. Wapi! Katani ilikuwa imekauka, na kila uzi aliourudisha ulikatika. Akazidi kufumua akitafuta mahali penye nguvu, mpaka akabaki na rundo la nyuzi zilizojikunja mapajani.

Mchoro alikuwa akiunakili daftarini, mstari kwa mstari. Mahali fulani katikati alikuta mstari mweusi umeruka uzi mmoja, na kuanzia hapo mchoro mzima umekwenda upande kidogo. Nyanya alikuwa amekosea hesabu. Mutindi akalinyoosha kosa lile bila kuweka alama yoyote. Mafundi hodari ndivyo walivyo, hawawezi kuona kombo wakainyamazia.

Jumapili mama akakiulizia. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umempofusha, na siku hizi alipenda kushika vitu vyake vya zamani.

"Nipatie hiyo kiondo ya mama yangu."

"Iko kibandani, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. " Naitoa vumbi."

Uongo huo ulimnyima Mutindi raha wiki nzima. Mkoba wa ngozi aliousuka kwa mchoro ule ulipokamilika hakuupeleka Kajiado. Aliuweka mapajani mwa mama, akapiga magoti, akasema yote.

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Vidole vyake vilianza kitakoni mwa mkoba vikapanda vikizunguka, vikafika katikati, vikasita. Vikashuka, vikapanda tena.

"Pahali pangu iko wapi?"

"Pahali gani, mwaitu?"

"Mama alikuwa anasuka hiyo kiondo uchungu ikamshika. Akaiweka chini, akanizaa. Kuirudia, hesabu ilikuwa imempotea, akaruka uzi moja. Nikiwa mtoto alikuwa anashika kidole yangu anaiweka hapo, ananiambia, hapa ndio uliingia."

Mutindi aliona aibu hadi akashindwa kuinua uso, ingawa mama hakuwa na macho ya kumtazama.

"Nilidhani ni makosa."

"Ilikuwa makosa," mama akasema. "Lakini ilikuwa yangu."

Mutindi akaufumua mkoba palepale sakafuni, kutoka mdomoni kushuka. Daftari halikumsaidia, kwa maana ndani yake kila mstari ulikuwa umenyooka. Akafika mahali alipodhani ndipo, akaruka ukanda mmoja, akasuka tena kwenda juu, na mchoro ukapinda kidogo. Jua lilikuwa limeshuka alipomaliza. Akaushika mkono wa mama, akakiweka kidole chake pale.

Mama akapapasa kwa muda mrefu.

"Si hapa," akasema. Mutindi akaunyoosha mkono aufumue tena, lakini mama akauvutia mkoba kifuani. "Wacha tu. Wacha ikae."