Silabi ya Kidebe

Mtaani walimwita Mzee Katuni, jina alilolipokea kama mtu anavyopokea kipara: polepole, bila kushauriwa. Uandishi wake ulianzia kwenye tamthilia ya televisheni ya anga za juu, chombo chenyewe kikiwa ghala la zamani lililobandikwa karatasi za kung'aa. Ilikufa siku mwigizaji wa nahodha alipohama mji. Ikabidi nahodha agongwe na kimondo. Ndipo akaangukia kwenye katuni, ambako nahodha ni mchoro na hahami.

Huko akamzaa Kidebe, roboti mwenye umbo la kopo, mfagiaji wa chombo. Wanaanga wote walimtaja kama kifaa: Kidebe kimeanguka, kipigeni teke kitaamka. Watoto walicheka miaka na miaka. Hakuna aliyejua kwamba mwandishi alikuwa akiweka akiba. Katika kipindi cha mwisho kabisa, Kidebe akishawaokoa wote na betri kuzimika, nahodha, fundi wa mateke, angesema: "Amechoka. Mwacheni alale." Basi. Kazi ya maisha yake ilikuwa imetundikwa kwenye silabi hiyo, *a*, kama koti zito kwenye msumari mdogo.

Jioni kipindi hicho kilipoonyeshwa, alimwita mkewe aliyekuwa akikunja nguo.

"Mama watoto, njoo usikie."

Betri ikazimika. Muziki ukashuka. Nahodha akainama.

"Kimechoka," akasema. "Kiacheni kilale."

Mkewe akangoja, shati mkononi. "Nisikie nini?"

"Basi tena."

Asubuhi alikwenda kituo cha televisheni. Mhariri wa lugha, binti mpya mwenye adabu na kalamu nyekundu, alimpokea vizuri.

"Shikamoo mzee. Pale mwisho nilikurekebishia. Umekwenda na *ki* miaka yote, halafu ukateleza."

"Sikuteleza, mwanangu."

"Usijali, mzee. Ni umri tu."

Hakuwa amekata tamaa bado. Mwigizaji wa sauti ya nahodha wa katuni alikuwa amekubali kuja kurudia sentensi ile kabla ya marudio ya Jumapili. Chumba cha kurekodia, chenye trei za mayai ukutani za kunyonya mwangwi, kilikuwa wazi. Ilibaki ruhusa ya prodyuza.

"Mzee wangu, silabi moja?"

"Moja."

"Watoto wataona tofauti?"

"Hiyo ndiyo waliyokuwa wakiingoja, ila hawajui."

"Kama hawajui, hawajakosa kitu. Hebu nisubiri nje, nifikirie."

Akakaa kwenye benchi. Binti akapita kuingia kwa prodyuza. Katika jengo zima ambalo kazi yake ni kuzuia sauti, mlango huo peke yake haukufunga sawasawa, na sauti ya prodyuza ikavuja.

"Lile zee la katuni bado lipo?"

"Lipo. Limekaa kwenye benchi."

"Liambie nimetokea mlango wa nyuma."

"Kwani kuna mlango wa nyuma?"

"Halijui."

Alisikiliza kwa makini, kama alivyozoea kusikiliza maneno yake yakisomwa na waigizaji. Zee: lipo, limekaa, liambie, halijui. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na kosa hata moja.

Binti alipotoka, alimkuta ameshasimama, kofia mkononi.

"Samahani mzee, prodyuza ametoka."

"Amechoka," akasema Mzee Katuni, akiuelekezea kofia mlango ule usiofunga. "Mwacheni alale."

Hiyo ndiyo mara pekee sentensi ile ilipotamkwa kama ilivyoandikwa. Binti hakuona cha kusahihisha.