Slingi Iliyofufuka

Pale karakana, mwanamke anayefunga mizigo kwenye kreni wanamwita Mama Pamba. Sio kwamba ni mlaini, thubutu! Ni kwa sababu kila asubuhi anazifuta slingi zake, kamba za waya za kunyanyulia mizigo, kwa bonge la pamba, taratibu, kama anamfuta mtoto kamasi. Palipokatika uzi wa chuma, pamba inanasa.

Siku hiyo kulikuwa na jenereta ya tani nne ya kushushwa kwenye lori, na lori lilitakiwa kuondoka saa sita. Msimamizi alishamwonya: "Ukinichelewesha tena, nakuhamishia stoo ukahesabu fagio." Stoo! Mtu aliyezoea kunyoosha mkono kuiashiria kreni na tani nne zikamtii, leo akaamrishe fagio?

Mwendesha kreni ni mdogo wa mumewe, na utani wao hauna breki.

"Shemeji, unaikagua au unaiogesha?"

"Naiogesha. Na wewe ungeogeshwa hivi usingenuka grisi."

Slingi ya kwanza, safi. Ya pili, karibu na kitanzi, pamba ikaota ndevu. Akahesabu nyuzi zilizokatika: kumi na mbili, zimebanana mahali pamoja. Akatafuta kibati kinachoonyesha uzito inaoweza kubeba. Hakuna. Ndipo akaitambua! Kibati hicho alikitoa mwenyewe wiki iliyopita, slingi akaitupa kwenye vyuma chakavu. Marehemu karudi kazini!

"Nani kaitoa hii kwenye chakavu?"

Kule juu kwenye kreni, kisauti kama cha mtoto aliyevunja sahani: "Niliiona bado nzima, shemeji. Nikasema huyu anatupa mali."

Msimamizi akatokea, macho kwenye saa. Mama Pamba angeweza kumbebesha shemeji zigo lote, yeye akapona.

"Kosa langu, bosi. Slingi mbovu inakatwa vipande, mimi nikaitupa nzima. Nipe nusu saa niikate, nilete nyingine."

"Na stoo je?"

"Stoo nitaenda. Ila hii hainyanyui kitu leo."

"Kwani ina nini? Hebu." Msimamizi akaipitisha kiganjani. "Aaah!"

Damu. Shemeji akageuza uso haraka, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Kata," msimamizi akasema, anafyonza kidole. "Kata vidogo vidogo. Stoo sikupeleki, nani atanikagulia hizi? Na huyo shemeji yako ashuke, ashike upande wa pili."

Grenda ya kukatia chuma ikalia, cheche zikaruka, shemeji ameshika huku kafumba macho. Slingi nzima zikaletwa, zikapita kwenye pamba, jenereta ikatua chini bila hata kishindo.

Saa sita na nusu lori likaondoka tupu. Mama Pamba alikuwa bado katikati ya uwanja, mkono juu, kaisimamisha kreni isiyo na mzigo wowote, nayo inamtii.

"Shemeji, nishuke nikale?"

"Subiri kwanza."

"Nasubiri nini sasa?"

"Nimesema subiri," akajibu, anatabasamu peke yake.