Picha ya Semeni Ndani ya Friza la Migebuka

Skolastika Gasper ametunza maktaba ndogo ya mtaa wetu wa Ujiji kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akisema "sawa bosi" kwa moyo mkunjufu. Wengine humwita mkaidi. Mimi jirani yake nasema afadhali yeye.

Mwaka ziwa lilipopanda likaingia majumbani, watu walianika karatasi zao kama walivyozoea kuanika dagaa: mchangani, kwenye jua la saa saba. Mwanvua, mkaanga samaki aina ya migebuka wa pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, alianika hivyo picha ya harusi yake. Ilijikunja, rangi ikabanduka pamoja na uso wa marehemu mumewe. Akabaki na albamu moja iliyolowa, kurasa zimegandana, na ndani yake picha pekee ya Semeni, bintiye aliyefariki akiwa na miaka tisa. Akaileta maktaba ameifunga kwenye khanga.

"Hii usiianike, dada," Skolastika akamwambia. "Hata kuifungua usiifungue."

Mafurushi ya karatasi zilizolowa ambayo watu walimletea yalikuwa yamefika arobaini, na yeye yuko peke yake. Kwenye semina fulani alifundishwa kwamba karatasi iliyolowa huota ukungu ndani ya siku mbili tu, lakini ikigandishwa husubiri. Basi akamwendea Nassib, muuza samaki wa mtaa wa Mwanga, akaazima friza lake la akiba na kulisimamisha katikati ya rafu za vitabu. Alilisugua kwa sabuni na ndimu, harufu ya migebuka ikagoma kutoka.

Bosi wake, Rodgers, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alifika akaziba pua.

"Mama Skolastika, hapa ni maktaba au mwaloni? Takataka hizi zichomwe leo."

"Kiberiti hiki hapa, bosi," akajibu, akakaa juu ya friza. "Ila utaanza na mimi."

Nilikuwepo, na nilifurahi mno. Rodgers alitazama saa yake, akaahidi barua ya onyo, akaondoka. Barua ilikuja kweli. Skolastika aliisoma mara mbili, akaipapasa, akasema ni karatasi nzuri ya kunyonya maji.

Zamu ya Mwanvua ilifika wiki ya tano. Skolastika aliitoa albamu kwenye friza, akailaza kwenye beseni la maji baridi, akasubiri, kisha akabandua picha taratibu kwa ncha za vidole. Gauni lilikuwa limepotea, na mkono mmoja. Uso ulitoka mzima, na pengo lake la mbele. Akaikausha kivulini, juu ya ile barua ya onyo.

Mwanvua aliishika kwa mikono miwili, akainusa.

"Inanuka mgebuka."

"Nisamehe, dada. Hiyo harufu imenishinda."

"Iache," Mwanvua akasema, machozi yakimtiririka. "Alikuwa akinisaidia kukaanga. Ndivyo alivyokuwa akinukia."