Neno la Siri la Laini ya Karagita

Asubuhi hiyo nilikuwa ofisi kuu ya shamba la maua, hapa Nakuru, nikiunganisha rauta yetu, kifaa cha kupitisha mtandao, na nyingine iliyokuwa shambani, karibu na Karagita. Upande ule alikuwa fundi mwenzangu, mama aliyenizidi umri na ujuzi. Mimi nilikuwa na miezi michache tu kazini.

Kazi yenyewe si kubwa. Kila rauta unaipa jina la mwenzake na neno la siri, lile lile pande zote mbili. Zikikutana, moja inauliza, nyingine inajibu kwa kutumia neno hilo. Jibu lisipolingana, laini inakatwa.

Nilimsomea neno kwa simu, naye akaandika. Taa ya laini ikawaka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima.

"Majina umeyaweka sawa?" akauliza.

"Nimeyaweka, madam."

Tulifuta kila kitu tukaanza upya, mara mbili. Huko shambani wapakiaji walikuwa wakingoja orodha ya maua kutoka kwetu. Karibu saa nzima ikapita, ndipo akasema polepole, "Hebu nitajie hilo neno herufi moja moja."

Nikataja. Kwenye herufi ya tatu akanikatiza. "Hiyo ni ya Limuru au ya Rongai?"

"Ya Limuru."

Akasoma alichokuwa ameandika. Mimi nilikuwa nimeandika *kalamu*. Yeye alikuwa amesikia *karamu*, akaandika alivyosikia.

Uso ulinichoma kwa aibu. Nikiwa shule ya msingi, mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa niseme "nalala", nami nikasema "narara" mpaka wenzangu wakachoka kucheka. Tangu hapo huwa nasema napumzika.

Nilingoja acheke.

"Kosa ni langu," akasema. "Neno la siri hutajwa kwa herufi. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nilipaswa kukwambia mapema."

Nilimsikia akibonyeza vitufe. Taa ikawaka, na safari hii ikatulia. Baada ya muda mfupi orodha ikafika shambani.

Wiki iliyofuata alikuja Nakuru kwa mkutano wa mafundi, akaomba nieleze jinsi tulivyoweka laini ile. Nilisimama. Herufi zangu zilichanganyika kama kawaida, na watu wawili kule nyuma wakatazamana. Yeye aliendelea kuandika kwenye daftari lake. Nikaeleza mpaka mwisho, kisha nikakaa.