Kandambili za Kizingitini

Walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama kofia ya zamani. Mdomo wa nyumba ulikuwa mkewe. Watu walisema siku ya ndoa wawili hao waligawana vizuri, mmoja akachukua maneno, mwingine akachukua masikio. Mke akafa mwanzoni mwa baridi, kifua kilimbana, na Kimya akabaki na masikio yasiyo na kazi.

Nyumba yao ilikuwa ya kulaza wageni. Vyumba vinne vya mbao, ukumbi mwembamba katikati, bati juu, na nyuma ua wenye pipa la kuchemshia maji. Haikuwa hoteli. Hoteli zilikuwa chini, kando ya ziwa, zenye vioo na bustani, ambako wageni walipiga picha za mlima wakiwa wamekaa vitini. Kwa Kimya walifikia wale wa shanta mgongoni, wanaotaka kitanda, maji ya moto na kuonyeshwa njia.

Kazi ya Kimya ilikuwa pipa. Alipasua kuni, akachochea, akachota. Mgeni akiteremka mlimani, mke alipaza sauti kutoka ukumbini, "Maji ya mmoja!" Kimya akajaza ndoo, akaiweka mlangoni pa chumba, akagonga mara moja, akaenda zake. Hakungoja shukrani. Mke ndiye aliyebaki kumuuliza mgeni kaona nini, kaumia wapi, kala au hajala.

Mji ule ulikuwa na utaratibu wake. Anayepanda mlima huvaa buti, na kandambili zake huziacha kizingitini, pua zikitazama mlima. Akirudi, huzigeuza zitazame nyumba. Jua likianza kushuka, mlinzi wa njia hupita nyumba kwa nyumba akiangalia vizingiti. Akikuta pua zinatazama mlima, hupuliza filimbi, na wenye miguu hutoka na kamba. Ndiyo maana mlinzi mwenyewe walimwita Filimbi. Hapakuwa na karatasi wala kengele. Macho yalitosha.

Siku mke alipopelekwa hospitali, alitolewa akiwa amebebwa. Kandambili zake za bluu, ya kulia imelika kisigino, zilibaki kizingitini kama alivyozivua akiwa ndani, pua nje, kuelekea mlima. Hakurudi kuzigeuza.

Jioni ya mazishi Filimbi alipita, akaziona, akapeleka filimbi mdomoni. Kisha akakumbuka. Akaingia mpaka uani.

"Kaka, zile nizigeuze?"

"Ziache."

"Zinatazama mlima, kaka."

"Nimesema ziache."

Filimbi akaziacha. Tangu hapo, akifika nyumba ile aligeuza uso upande wa pili wa barabara, kama mtu anayepita msibani bila cha kusema. Naye Kimya aliacha kutumia mlango wa mbele. Aliingia na kutoka kwa nyuma, penye pipa.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuja mchana kufua mashuka. Huyo hakuwa na haya.

"Shemeji, viatu vya marehemu si pambo."

Kimya alichochea moto.

"Nimwambie nani, wewe au pipa? Afadhali pipa, hilo likichemka linaitika."

Kilio cha mtu mzima kiko rohoni, na cha Kimya kilikuwa pale kizingitini, kina rangi ya bluu.

Msimu wa wageni ulipofunguka, akaja binti mmoja peke yake. Shanta lake lilimzidi kichwa. Shemeji akamsimamisha mlangoni.

"Umekuja na nani, mwanangu?"

"Na shanta, mama."

"Shanta halina mdomo wa kuita watu."

Binti akacheka. Alikuwa na mwanya, na kicheko chake kiliingia mpaka uani. Kimya, aliyekuwa akipasua gogo, alisimamisha shoka hewani.

Akaonyeshwa chumba cha mwisho, akaelezwa habari ya kandambili. Zake zilikuwa nyekundu, mpya. Alizipenda zile habari.

"Kwa hiyo hizi zikitazama kule, mji mzima unajua niko kule?"

"Mji mzima," shemeji akasema.

"Na hizi za bluu, mwenyewe yuko juu?"

Shemeji akamtazama Kimya. Kimya akasema, "Za mama wa nyumba." Binti akaona nyuso zao, akaelewa, asiulize tena.

Kila siku alitoka na kila siku alirudi na jambo. Alizunguka ziwa kwa miguu, akapotea kwenye msitu wa misonobari, akatolewa na mchunga mbuzi ambaye hakuacha kumsema njia nzima. Siku nyingine aliteleza kwenye kijito, akarudi amelowa, buti moja imejaa tope, anacheka peke yake. Alikaa kwenye gogo karibu na pipa, akanyoosha miguu kwenye joto, akasimulia. Alisema mama yake alimkataza safari, akaja hivyo hivyo, maana mtu akingoja mwenzake wa kutembea naye atazeekea mlangoni.

Kimya alisikiliza. Masikio yakapata kazi.

"Babu, maneno yako unayaweka akiba?"

"Mm."

"Utayatumia lini?"

Kimya akatabasamu mara ya kwanza tangu baridi ilipoanza. Akamwongezea maji.

Asubuhi ile aliyopanda kwenda maporomoko ya juu, hewa ilikuwa safi kama kioo kilichofutwa. Binti alipita uani, akamwonyesha mkate aliofunga kwenye kitambaa.

"Nirudipo nataka ndoo kubwa, babu."

"Mapema," Kimya akasema.

"Mapema."

Adhuhuri ilipopita, ukungu ukateremka. Mlima ukafutika, kisha msitu, kisha paa la jirani. Kimya alichemsha maji, akayaangalia yakichemka, akapunguza kuni, akaongeza. Alitega sikio. Hatua za ukumbini hakuzisikia, lakini siku hizi nyumba nzima ilikuwa haisikiki. Akangoja filimbi. Filimbi haikulia. Katika maisha yake yote ndani ya mji ule, filimbi isipolia maana yake hakuna aliyebaki juu.

Akajaza ndoo kubwa. Akaiweka mlangoni pa chumba cha mwisho. Akagonga mara moja, kama kawaida yake. Akaenda zake, kama kawaida yake. Mke angeufungua mlango ule. Angeuliza kaona nini, kaumia wapi.

Asubuhi aliikuta ndoo pale pale, imejaa, baridi, nondo anaelea juu. Kitanda kimetandikwa. Kimya alitembea ukumbi mzima, akaufungua mlango wa mbele ambao mkono wake ulikuwa umeusahau. Kizingitini kulikuwa na za bluu, na pembeni yake nyekundu. Zote zinatazama mlima.

Alimkuta Filimbi nyumbani kwake akinywa chai.

"Binti hajarudi."

"Binti gani?"

"Wa kwangu. Mgeni. Kandambili nyekundu."

Filimbi akaiweka chai chini taratibu. "Niliziona kwa mbali, kwenye ukungu. Jozi mbili. Nikasema mzee kaongeza za marehemu." Akafuta midomo. "Za mlango wako huwa sizihesabu, kaka. Tangu siku ile."

Hawakugombana. Filimbi alitoka nje akapuliza asubuhi ile kweupe, na mji mzima ukatoka milangoni, maana filimbi ya asubuhi hawakuwahi kuisikia. Wapishi wa hoteli wakavua aproni, madereva wakaacha magari, wapagazi wakachukua kamba. Kimya alitoa mablanketi ya vyumba vyote vinne, akapanda nyuma yao, polepole, magoti yakimlalamikia.

Walimpata chini ya njia ya maporomoko, kwenye korongo. Jiwe lilikuwa limeteleza chini yake, likambana mguu wa kushoto ndani ya maji. Maji yale hutoka juu kwenye barafu. Alikuwa hai. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, sauti imekwisha. Wapagazi walipolisogeza jiwe hakulia, na hilo ndilo lililowatisha. Walitengeneza machela kwa fito mbili na blanketi la chumba cha mwisho, wakamteremsha wakipokezana, na Kimya akashika ncha moja ya blanketi mpaka barabarani, hakuna aliyethubutu kumwambia aachie.

Shemeji ndiye aliyesema, siku zilipopita kidogo, "Mpelekee mtoto wa watu kandambili zake. Hospitali sakafu ni baridi, mgonjwa hatembei peku."

Kimya akaziosha, akazifunga kwenye mfuko, akateremka.

Wodi ilikuwa na vitanda vingi na dirisha moja linalotazama mlima. Kitanda cha binti kilikuwa karibu na dirisha, lakini alikuwa ameupa mgongo. Mama yake alikuwa njiani, muuguzi alisema. Kimya akasimama. Shuka lilikuwa limeinuka juu ya mguu mmoja. Upande wa kushoto, chini ya goti, lilikuwa limelala tambarare.

Akaurudisha mfuko nyuma ya mgongo.

"Umeleta nini, babu?" Sauti yake ilikuwa bado ya mikwaruzo.

"Si kitu."

"Lete."

Kimya akaingiza mkono, akatoa moja, ya kulia. Nyingine akaiacha mfukoni. Binti akaipokea, akaigeuza geuza, akapitisha kidole kwenye mkanda wake mwekundu.

"Niliziacha zinatazama mlima," akasema. "Nilihakikisha. Nikawa nasema pale majini, watakuja, wameziona. Jua likazama, nikasema, sasa hivi wataziona." Akamtazama. "Hamkuziona?"

Kimya angeweza kusema ukungu. Ukungu ulikuwepo, kila mtu angemuunga mkono. Akavuta kiti, akakaa, na akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema akiwa amekaa mahali pamoja.

"Tuliziona, mwanangu. Filimbi aliziona. Akadhani ni zangu, za kuomboleza. Za marehemu nilikataa zisigeuzwe, kwa hiyo mlango wangu watu waliacha kuuangalia. Nami ndoo nilikuletea, nikagonga, sikufungua. Yeye angefungua. Mimi sikuzoea. Ndivyo ilivyokuwa."

Jirani wa kitanda cha pili alikohoa. Muuguzi alipita na sinia.

"Ungeziingiza ndani, babu," binti akasema mwishowe. "Zile za bluu. Ungeziingiza tu ndani."

"Ndiyo."

"Haya."

Akageukia ukutani, kandambili kifuani. Kimya alikaa mpaka pumzi zake zikawa za mtu aliyelala, au anayetaka aonekane amelala. Kisha akaondoka na mfuko.

Alipanda mpaka nyumbani, akaja kwa mlango wa mbele. Aliinama, goti moja chini, akaziokota za bluu. Zilikuwa zimeshika vumbi na unyevu, na chini yake mbao zilibaki na rangi yake ya zamani, nyayo mbili safi. Akaziingiza ndani, akaziweka chini ya kitanda, upande wa mkewe. Shemeji alikuwa akikunja mashuka. Aliona, akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Jua lilipoanza kushuka, Filimbi alikuja. Hakupita upande wa pili. Alifika mpaka kizingitini, akainama, akapapasa mbao kwa kiganja kama kipofu, mwanzo hadi mwisho.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna," Kimya akaitika kutoka ndani.

Filimbi akaenda nyumba inayofuata. Kimya alibaki amesimama ukumbini, na ile nyekundu ya kushoto mkononi. Alizunguka nayo vyumba vyote vinne na jikoni na uani, na hakupata mahali pa kuiweka.