Ndoa ya Mpishi wa Mapadri

Mama Mkubwa alimlisha padri mara tatu kwa siku, na padri hakuweza kumlisha yeye hata mara moja kwa wiki. Ukitaka kuielewa parokia yetu, anzia hapo. Asubuhi uji na mayai, mchana wali, jioni supu nyepesi, kwa sababu Baba Paroko alikuwa na kiungulia na hakutaka waamini wajue kwamba mtumishi wa Mungu naye hucheua. Mama Mkubwa alijua. Alijua pia chupa iliyojificha nyuma ya sahani za wageni ni ya nani, na ni nani hukoroma wakati wa masifu ya asubuhi. Mpishi wa mapadri ana siri nyingi kuliko kiti cha kitubio, ila yeye hana mtu wa kumpa malipizi.

Jumapili ikifika, wakati wa komunyo, watu wakijipanga mstari na kukunja mikono kifuani kama malaika, yeye alibaki kwenye benchi na mikoba ya wenzake mapajani. Wengine walimwachia na watoto. "Dada, nishikie huyu, narudi sasa hivi," wanasema, wanakwenda kumpokea Bwana, wanarudi na nyuso za utakatifu, wanachukua mtoto. Zaidi ya miaka ishirini. Mimi nikiwa kwenye kwaya, sauti ya pili, nilikuwa namwona akiitazama ile hostia jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Alikuwa anaitaka. Hakuitaka kwa maneno wala kwa mbwembwe, aliitaka tu, na ilikuwa inaniuma.

Kosa lake lilikuwa kuishi bila ndoa ya kanisani. Mume alikuwa naye, tena yule yule tangu ujana. Amemzalia watoto wawili ambao sasa wana watoto wao, amemfulia, amegombana naye, amemkanda mgongo. Walichukuana tu, kama wengi walivyochukuana, wakasema mambo ya altare yatafuata. Hayakufuata.

Mume mwenyewe, Baba Mkubwa, ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Kesho. Sina haja ya kueleza. Kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi ameshaelewa. Mimi nilikuwa nafanya kazi kibandani kwake, vifungo na pindo, na nimemsikia akiwaambia wateja "njoo kesho" kwa upole mpaka wanashukuru. Kuhusu ndoa alikuwa na jibu jingine. "Nimewaona wangapi? Wanafunga ndoa wana mvi, mwaka haujaisha mmoja anasomewa misa ya wafu. Unataka kunizika, mwanamke?" Mama Mkubwa alikuwa anacheka, kisha anakwenda kuoga ajiandae kwenda kumpikia padri.

Paroko wa zamani alifumba jicho. Alikula, akashukuru, akanyamaza. Huyu mpya alikuja na macho yote mawili, na mdomo pia. Tulimbatiza Baba Tangazo, maana mahubiri yake yalikuwa mafupi na matangazo yake yalikuwa hayana mwisho. Jumapili moja alipanda mimbarini, akapangusa miwani, akasema, "Yeyote anayeitumikia parokia hii, awe wa kwaya, awe wa usafi, awe wa jikoni..."

Hapo kanisa zima likageuza shingo.

"...aweke nyumba yake sawa. Jumapili ya mwisho wa mwezi nitafungisha ndoa zote kwa pamoja. Asiyetaka, tutamshukuru kwa utumishi wake."

Kanisani kwetu, ukishukuriwa kwa utumishi wako, ujue umefukuzwa.

Mimi nilitaka kutupa kitabu cha nyimbo. Mama Mkubwa alifurahi, na hapo ndipo aliponimaliza. Alidhani sasa amepata mtu wa kumsaidia kusema. Alimfuata mumewe siku hiyo hiyo, akapewa "kesho tutaongea", akamfuata tena, akapewa ile hadithi ya misa ya wafu. Basi, siku moja katikati ya wiki, Baba Paroko akatokea kibandani. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, na mimi nikatumwa soda. Niliporudi mgeni ameshaondoka, na Baba Mkubwa alikuwa anashonea mfuko wa shati mgongoni.

"Baba Mkubwa, mfuko huo."

"Nimeuona," akasema, akaendelea kushona.

Jioni ile alimwambia mkewe, "Nimefikiri mwenyewe. Umri umekwenda. Twende tukafunge." Mama Mkubwa alikaa chini, sakafuni kabisa, akalia, akainuka, akampikia chai, akalia tena. Kesho alimshonea gauni kwa mikono yake, la rangi ya maziwa, mikono mirefu, vifungo vidogo ishara ya fundi asiye na haraka. Likaisha kabla ya siku yake. Mtu mwenye akili angejua hapo kwamba kuna jambo.

Jambo lenyewe Mama Mkubwa alilikuta mezani kwa mapadri, Jumamosi mchana, amebeba birika. Alikuwepo Monsinyori, mgeni kutoka kwa askofu, mtu mnene mwenye mshipi wa zambarau. Baba Paroko alikuwa anajisifu kwake, na kwa kuwa mapadri humwona mpishi kama wanavyoliona kabati, hakushusha sauti.

"Yule fundi nilimbana kidogo tu, Monsinyori. Nilimwambia sare za kwaya na kanzu za watumishi wa altare zitashonwa na mwenye ndoa. Alinywea! Kondoo wengine ukiwaimbia hawaji. Fimbo tu."

Monsinyori alicheka, akaomba sukari. Mama Mkubwa akamtilia sukari. Mimi ningemtilia kitu kingine.

Haya aliniambia Jumapili asubuhi, nikimfunga vile vifungo mgongoni. "Amelazimishwa," akasema kwenye kioo. "Amebanwa kwa ajili ya sare. Na mimi nikajiona bibi arusi."

"Usiende basi!"

"Nitakwenda. Funga hicho cha juu, kinanikaba lakini funga."

Maharusi walipangwa mbele ya altare mstari mmoja, wazee kwa vijana. Mmoja alikuwa na mjukuu aliyeng'ang'ania sketi yake, akakataa kutoka, akafungishwa ndoa naye. Monsinyori alikaa pembeni kwenye kiti cha heshima. Katekista alikuwa na kipaza sauti, kazi yake kukipitisha chini ya videvu vya watu. Ni mtu wa utii; ukimwambia apitishe kipaza sauti, atakipitisha hata nyumba ikiungua.

Baba Paroko akauliza lile swali la kanisa, kama wamekuja kwa hiari yao, kwa moyo wote, bila kulazimishwa na mtu. Mstari mzima ukajibu ndiyo, kama darasa. Mama Mkubwa hakujibu. Aligeuka akamtazama mumewe.

"Mume wangu, wewe umelazimishwa?"

Katekista, kwa utii, akasogeza kipaza sauti. Kanisa lote likasikia. Kesho akatazama viatu vyake, akatazama dari, akakosa pa kuahirishia.

"Nimelazimishwa," akasema.

Baba Paroko akainama, akanong'ona, "Mama, sema ndiyo tu tumalize." Na kipaza sauti kilikuwa pale pale, maana hakuna aliyekuwa amemwambia katekista akiondoe.

"Baba, unataka nidanganye mbele ya altare? Halafu dhambi hiyo nikaiungame kwa nani? Kwako?"

Nyuma huko mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Nilidhani Kesho atatafuta mlango. Badala yake alimnyang'anya katekista kipaza sauti.

"Kuja hapa leo nimelazimishwa," akasema. "Kuishi na huyu mwanamke hakuna aliyewahi kunilazimisha."

Vigelegele vilipigwa ambavyo harusi zile zilizopangwa hazikuvipata siku nzima. Lakini vigelegele si sakramenti. Monsinyori, aliyecheka jana, leo alikumbuka alichosomea. "Padri," akaita kutoka kitini, "hao waweke kando. Ndoa ya kulazimishwa si ndoa." Wakawekwa kando. Wenzao wakaendelea, wakavishana pete, na wakati wa komunyo maharusi wote wakapanda mbele kwa mara ya kwanza, yule wa mjukuu na mjukuu wake. Mama Mkubwa alibaki ameketi, na gauni lake la rangi ya maziwa, mgongo wima. Kesho alikaa karibu naye. Nisiseme uongo kwamba Mama Mkubwa alitabasamu. Alilia mpaka kola ikalowa. Mimi nilikuwa nimewakasirikia wote: paroko, Monsinyori, Baba Mkubwa, na Mungu naye kidogo, na nimeshamwambia.

Jumatatu Mama Mkubwa hakwenda kupika. Alitandika kitanda, akafagia, akaja kukaa nyuma ya kibanda anachambua mchele wa kwake mwenyewe. Kabla ya saa sita Baba Paroko akatokea kwa miguu, peke yake, bila miwani ya mimbarini. Sijui asubuhi ile alikula nini. Kibandani tulikuwa mimi, Baba Mkubwa, na mwalimu mmoja aliyekuja kufuata suruali yake kwa mara ya ngapi sijui.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema padri.

"Milele amina," tukajibu, cherehani haikusimama.

"Fundi, sare za kwaya ni zako. Ufunge ndoa usifunge. Nilikosea kukubana."

Baba Mkubwa alishona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno. "Nimesikia, Baba. Sasa nikuulize. Umewahi kuuliza kwa nini sikutaka?"

"Nilisikia unaogopa kufa."

"Hayo ni ya kuchekesha wateja." Akaweka mkasi chini. Mimi pia nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. "Mama yangu aliishi na baba yangu bila ndoa, kama mimi. Alipokufa, paroko wa siku zile alikataa. Kanisani jeneza lisiingie, kaburini padri asije. Tulimfukia wenyewe, mimi na wajomba zangu, bila hata ishara ya msalaba, maana tuliogopa tukiifanya wenyewe itakuwa dhambi nyingine. Nikasema, kwa watu waliomfungia mama yangu mlango, mimi siendi kuomba chochote. Mke wangu ndiye amelipia. Hilo nalijua."

Kule nyuma mchele ulikuwa umeacha kuchambuliwa. Baba Paroko alisimama katikati ya suruali za watu zilizoning'inia. Akavuta stuli ya wateja, akaketi.

"Mama yako aliitwa nani?" akauliza.

Baba Mkubwa akamtajia. Padri akalirudia jina lile polepole, lote, pamoja na la baba yake. "Misa ya leo jioni nitamwombea yeye. Nitamtaja kwa sauti. Huko si kukulazimisha. Ni haki yake, na imechelewa."

Baba Mkubwa akaguna. Akapangusa meza ya cherehani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Basi niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali la jana."

"Na mimi je?" Mama Mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni, ungo mkononi. "Mnapangiana tu humu ndani. Mimi nani ameniuliza?"

"Nikuulize, mama?" akasema padri, tena kwa adabu.

"Kaniulizie kanisani," akasema Mama Mkubwa. "Hapa pamejaa suruali."

Jioni ile kanisa lilikuwa na wale mabibi wachache wa misa za katikati ya wiki, ambao hawakuelewa kwa nini mpishi amevaa gauni la jana. Shahidi mmoja nilikuwa mimi, wa pili mwalimu, ambaye alikubali baada ya kuahidiwa suruali. Kwanza Mama Mkubwa aliungama, akatoka upesi, akaingia Baba Mkubwa kitubioni. Alikaa humo ndani muda mrefu kiasi kwamba mwalimu aliniuliza kama fundi ameua mtu. Nikamwambia hapana, anaungama nguo alizochelewesha.

Jina la mama yake lilitajwa mwanzoni, kwa sauti, kama alivyoahidiwa. Baba Mkubwa alishika benchi la mbele kwa mikono miwili na hakuliachia mpaka somo lilipokwisha. Swali likaulizwa. Yeye akajibu ndiyo, na Mama Mkubwa akajibu ndiyo kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani, asije akakatiwa nyingine. Pete zilikuwa za kuazima.

Kisha komunyo. Mama Mkubwa akatoka kwenye benchi, akapanda mbele, wa kwanza, hakuna mstari. Baba Paroko akainua hostia usawa wa macho yake. "Mwili wa Kristo," akasema.

Unatakiwa kujibu amina. Ni neno dogo, na yeye alikuwa amelisikia likijibiwa na watu wote wa parokia, Jumapili baada ya Jumapili. Alifungua mdomo, halikutoka. Akajaribu tena, kikatoka kilio. Akatikisa kichwa, akajifuta kwa kiganja, akajaribu. Mimi nilitaka nimjibie. Mumewe alimgusa kiwiko. Baba Paroko hakumhimiza wala hakurudia maneno. Alisimama pale, mkono umeinuliwa hewani, akamngoja.